Ndiyo Juu, Hapana Chini

Karachi, Jumapili 20 Februari

Khizar mdogo wangu,

Mzigo nimemkabidhi kondakta wa basi la Multan asubuhi hii, nikamwambia kikivunjika kitu nitamtafuta mpaka kwao. Ndani kuna kamera, taa mbili ndogo na kompyuta iliyokwisha kustaafu hapa maabara kwetu. Nenda stendi mapema, usiniachie ukalala huko.

Nakuandikia barua pepe na sipigi simu, kwa sababu simu zangu mnazipokea chumbani kwa Baba, mnazungumza habari zake palepale kama yeye ni kabati. Tangu kiharusi kimlaze, mikono na ulimi vimekwenda, lakini daktari alisema wazi kilichobaki: masikio, akili na macho. Basi hayo macho ndiyo tunayoyatafutia kazi.

Kamera inalitazama jicho lake, programu inatafuta mboni, halafu inakisia anatazama wapi kwenye kioo. Haina akili kubwa hivyo. Inachukua kitu cheusi kuliko vyote kwenye picha ya jicho na kusema hii ndiyo mboni. Kila asubuhi mtazamishe vile vitone vya katikati na vya pembeni ili ilijue jicho lake la siku hiyo. Nimeweka visanduku viwili vikubwa, NDIYO juu, HAPANA chini. Akikazia macho kisanduku, kinachaguliwa. Akitaka maneno marefu kuna ukurasa wa herufi.

Pale palipoandikwa Mipangilio ya Kina usipaguse mpaka nikuambie. Humo kuna kizingiti cha weusi kinachoamua kipi kihesabiwe cheusi, eneo la kutafutia mboni, ukubwa wake, muda wa kukazia. Ukivuruga kimoja, Baba atasema asichosema.

Na unajua haraka ni ya nini. Maulana Ihsanullah amekubali kwamba Baba akijibu sawasawa kwa macho mbele ya watu, basi neno lake kuhusu ndoa ya Rushna na Owais litahesabiwa. Akishindwa, walii wa kumwozesha utakuwa wewe, na ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani ili Owais awahi kazi yake Muscat. Wewe na Owais ni marafiki tangu shule, najua unavyoitaka ndoa hii. Sikatai. Mimi nataka tu Baba aulizwe. Ni binti yake wa mwisho.

Dada yako,
Tabinda


Multan, Jumamosi 26 Februari

Dada,

Salaam aleikum, na asante kwa mahubiri. Mimi ninayemgeuza Baba ubavu huu na ule, ninayemnyoa, ninayemfulia, leo nafundishwa kutoka Karachi kwamba anasikia.

Haki yako nikupe lakini. Mashine inafanya kazi. Jumanne nilimwuliza kama nifungue dirisha, akasema NDIYO. Nikamwuliza kama mimi ndiye mtoto wake kipenzi, akasema HAPANA, Rushna akacheka mpaka akakaa chini. Jumatano akaenda mwenyewe kwenye ukurasa wa herufi akaandika "tanuri". Alitaka kujua kama tanuri la karakana yake linawashwa na kama vigae vya buluu vinatoka vizuri. Miezi yote hii alikuwa amelala pale anawaza tanuri. Nilitoka nje nikalia, na hilo usimwambie mtu.

Anachoka upesi, lakini. Nikimtajia harusi anafumba macho.

Sasa ya jana. Walikuja baada ya swala ya Ijumaa, Maulana, Owais na wazazi wake, na boksi la halua kubwa kuliko meza. Maulana akaanza na maswali ya kupima. Wewe ni Ghulam Yasin? HAPANA. Hapa ni Multan? HAPANA. Mimi ni Ihsanullah? HAPANA. Baba yake Owais akakohoa. Mama yake akaanza kutazama dari. Maulana, Mungu ambariki, akasema mzee labda kachoka, tutarudi Ijumaa nyingine, swali lenyewe la ndoa hakuliuliza.

Sijawahi kuaibika vile. Owais alinishika bega wakati wa kuondoka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Leo asubuhi nimemwuliza Baba kama yeye ni Ghulam Yasin. NDIYO, haraka, kama anaulizwa na mpumbavu.

Haya, fundi wa macho, niambie.

Khizar


Karachi, Jumatatu 28 Februari

Khizar,

Sikai nikatulia. Jana mchana kutwa nilikuwa napima macho ya madereva wa malori, maabara inataka kujua wanasinzia vipi barabarani, na kila jicho lililokaa mbele ya kamera niliona la Baba.

Nijibu haya moja moja. Ijumaa pazia lilikuwa wazi? Jua la mchana likiingia kwa ubavu linaiharibu picha. Kuna mtu alisogeza kitanda? Alikuwa na homa? Alipewa dawa ya usingizi asubuhi? Wageni walisimama nyuma ya kamera akawa anawatazama wao badala ya kioo?

Ingia Mipangilio ya Kina, nakupa ruhusa, neno la siri ni jina la marehemu Mama. Shusha kizingiti cha weusi kidogo. Ongeza muda wa kukazia, ili jicho likipita tu lisihesabiwe. Halafu toka na usiguse kingine. Ijumaa funga pazia, wakalishe wageni upande wa mlango.

Niandikie hapohapo wakiondoka. Usilale kwanza.

Tabinda


Multan, Jumamosi 5 Machi

Dada,

Nimefunga pazia. Nimewakalisha mlangoni. Nimeshusha, nimeongeza. Wiki nzima Baba alikuwa mtu na mdomo wake. Alimwambia shangazi Sughra kwamba anaongea sana. Alimwambia daktari "mikono baridi". Alhamisi tulicheza kubashiri mechi ya kriketi, akanishinda.

Jana wakaja. HAPANA, HAPANA, HAPANA. Jina lake, HAPANA. Jina la marehemu mkewe, HAPANA. Maulana akamwuliza kama jua linachomoza mashariki. HAPANA. Nilikuwa namtazama usoni, dada, anatoa machozi, na kioo kinaendelea kusema hapana.

Mama yake Owais alisema kwa sauti ya upole kabisa kwamba pengine mzee wetu keshakwenda na sisi ndio tunajifariji. Maulana anasafiri wiki ijayo, atarudi Ijumaa ya tarehe kumi na nane, ndiyo ya mwisho. Ikiwa vilevile, walii ni mwana, na wao wanataka ndoa ndani ya wiki hiyohiyo.

Nafikiri tukubali. Labda siku za kawaida mashine inabahatisha na sisi tunapenda kuamini. Mimi nitasimama walii, tumalize. Baba apumzike na maswali.

Khizar


Karachi, Jumatatu 7 Machi

Khizar,

Nimezipitia kumbukumbu zote za mashine ulizonitumia. Ni namba tu, kwa sababu video mtandao wenu hauzibebi, lakini namba zinatosha. Jumamosi mpaka Alhamisi macho ya Baba yanatembea kioo kizima, juu, chini, pembeni. Ijumaa asubuhi vilevile, safi. Ijumaa mchana kila nukta imelala chini. Ijumaa zote mbili. Atazame juu, atazame wapi, programu inasema anatazama chini, na chini ndiko nilikoweka HAPANA.

Jicho la mtu halijui leo ni siku gani. Anayejua ni mtu. Na kati ya asubuhi na mchana siku ya Ijumaa, mwenye neno la siri la kufungua mipangilio nyumba hiyo ni mmoja.

Nimekaa na jambo hili tangu juzi, nalizungusha huku na huku, nashindwa kulimeza. Baba akionekana hana akili, walii ni wewe. Ndoa ni ya rafiki yako. Nyumba yako, karakana yako, neno lako. Na ni wewe uliyeandika tumalize, Baba apumzike.

Nakuuliza mara moja. Ni wewe?

Tabinda


Multan, Jumanne 8 Machi

Tabinda,

Sijagusa.

Njoo umpanguse wewe, umgeuze wewe, umtazame machozi wewe, halafu uniulize tena hilo swali usoni. Au treni za Karachi zimekufa?

Usiniandikie.

Khizar


Multan, Jumamosi 12 Machi

Kwa mwanangu Tabinda,

Anayeandika ni Rushna kwenye simu yake, anayesema ni mimi shangazi yako Sughra. Nimemwambia aandike kila neno, asinipunguzie.

Umemwambia nini kaka yako? Tangu Jumanne hali, anakunywa chai tu na kutazama ukuta. Nimemwuliza, kasema mwulize fundi wa macho wa Karachi. Mimi sijui mambo yenu ya kompyuta, lakini nimesikia unasema kuna mtu humu ndani anamharibu Baba yako mbele ya wageni. Mwanangu, hilo umelitoa wapi? Kaka yangu mimi aharibiwe nikiwepo?

Hebu nikwambie tunavyomweka. Siku nyingine, sawa, yuko na nguo za kulalia, nani anamwona. Ijumaa ndiyo siku yake. Khizar akishamtazamisha vitone vyenu asubuhi, nawafukuza wote chumbani, naingia mimi. Namwogesha. Namvika kanzu nyeupe iliyopigwa wanga. Namchana ndevu. Namtia manukato nyuma ya masikio, halafu wanja, ule wanja wa manga niliokuja nao kutoka Madina, namtia wa kutosha, kope za juu na za chini, kwa sababu hivyo ndivyo alivyojitia mwenyewe kila Ijumaa tangu ndevu zimwote. Akitoka mikononi mwangu utasema ndiye anayeoa. Maulana mwenyewe alisema mashallah. Sasa aibu iko wapi hapo?

Huyu Rushna naye amekonda. Mimi nasema ni haya za bibi harusi, watu wote tulikonda kidogo. Namwambia aandike kwamba ameshashonewa nguo nyekundu na zimemkaa vizuri, naye anasema simu imekwama.

Imekwamuka. Mpigie kaka yako umwombe radhi. Wewe ndiye mkubwa.

Shangazi yako,
Sughra


Karachi, Jumapili 13 Machi

Khizar,

Ulisema nisiandike. Naandika, ufute ukitaka, lakini soma kwanza.

Ni wanja.

Nilikueleza mimi mwenyewe barua ya kwanza: programu inashika kitu cheusi kuliko vyote. Mboni ya mzee wa umri wa Baba ni kijivu mbele ya wanja wa shangazi. Asubuhi unamtazamisha vitone akiwa na macho matupu, inajifunza vizuri. Shangazi anaingia anampaka kope za chini mstari mzima, na kuanzia hapo mashine inauona ule mstari, inasema hii hapa mboni, iko chini kabisa, mzee anatazama chini. Baba alikuwa anajibu. Ijumaa zote mbili alikuwa anajibu, na sisi tunamsomea kope.

Na mimi nimekulia nyumba hiyo. Nimemshikia Baba kichupa cha wanja kila Ijumaa ya utoto wangu. Niliuliza habari za jua, za pazia, za homa, za dawa, kisha nikamuuliza ndugu yangu kama ni mwizi wa sauti ya baba yake. Wanja haukunijia kichwani hata kidogo.

Nisamehe. Sina la kuongeza, nimekukosea na naona haya.

Mwambie shangazi Ijumaa asimtie. Siku moja tu.

Tabinda


Multan, Jumanne 15 Machi

Dada,

Sijakusamehe bado, naomba hilo lieleweke. Lakini niliposoma nilikaa chini kwenye ngazi nikacheka peke yangu. Mimi nimemtazama Baba machoni Ijumaa mbili, karibu kuliko kamera, na ule wanja sikuuona. Nani anauona wanja wa Baba siku ya Ijumaa? Ni kama kuiona pua yake.

Shangazi nimemwambia. Bora nisingemwambia. Kwanza alidhani namtania. Halafu akasema mashine ndiyo ijifunze kumtazama kaka yake, siyo kaka yake avuliwe kwa ajili ya mashine, na kwamba wakwe hawatamwona na macho matupu kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Nikasema basi tumwulize mwenyewe. Nikamwuliza, Baba, Ijumaa tukuache bila wanja? HAPANA. Nikamwambia ndiyo uliokuwa unatuharibia. Akaenda kwenye herufi akaandika "nitie".

Basi mmeungana nyote dhidi yangu. Niambie nibonyeze wapi.

Khizar


Karachi, Jumatano 16 Machi

Khizar,

Vizuri, na atiwe. Fanya kesho, shangazi ampake wanja kama wa Ijumaa hasa, asipunguze, ili tujaribu na adui yuko uwanjani.

Fungua Mipangilio ya Kina. Utaona picha ya jicho na mraba wa njano kulizunguka, huo ndio eneo la kutafutia mboni. Sasa hivi umelala jicho zima mpaka kope. Uvute kutoka chini na juu mpaka ubaki unalizunguka duara la jicho tu, lakini usiubane sana, akitazama pembeni mboni isitoke nje. Kizingiti cha weusi nilichokuambia ushushe, kipandishe polepole, maana kwa sasa wanja ukiwepo kinashika weusi wake peke yake na mboni kinaiacha. Kisha nenda kwenye ukubwa na umbo. Ukubwa wa juu kabisa uupunguze, na pale penye mviringo vuta mpaka karibu na mwisho. Mboni ni duara na wanja ni mstari, hapo ndipo tutakapoishika. Ukiona duara la kijani limeikalia mboni na wanja umeachwa nje, umefika.

Muhimu kuliko yote: vitone mtazamishe baada ya wanja, siyo kabla.

Nenda polepole. Ukikosea kuna kitufe cha kurudisha.

Tabinda


Multan, Ijumaa 18 Machi

Dada,

Ndiyo kwanza wameondoka na mimi naandika nimesimama.

Jana tulijaribu, ilikubali yote. Leo shangazi alimpaka mpaka akaonekana kijana. Duara la kijani limekaa mahali pake, wanja nje. Nikatazamisha vitone mbele yao wote, Maulana akiangalia kila ninachobonyeza, ili mtu asije akaniambia neno.

Wewe ni Ghulam Yasin? NDIYO. Hapa ni Lahore? HAPANA. Ni Multan? NDIYO. Mkeo alikuwa anaitwa Zarqa? NDIYO. Mimi ni daktari wa meno? HAPANA. Watu wakacheka, hata mama yake Owais. Nilikuwa nataka kuruka, dada. Nilimtazama Owais, nikamkonyeza.

Maulana akasogea. Akasema, Ghulam Yasin, unaridhia binti yako Rushna aolewe na Owais bin Nazeer? HAPANA.

Nikasema imerudi ileile. Maulana akaninyamazisha kwa mkono. Akamwuliza tena kwa maneno mengine. HAPANA. Kisha akaligeuza. Akasema, je, unaikataa ndoa hii? Nikaona macho yanapanda, yanapanda, yakatulia juu. NDIYO.

Akamwuliza sababu. Baba akafumba macho, hakuyafumbua mpaka wakatoka. Halua yao wameibeba, au tumewapa sisi, sikumbuki. Owais hakunishika bega. Baba yake alisema uani, nami nikisikia, kwamba mzee alikuwa mtu wa maana zamani na ugonjwa umemgeuza jeuri. Rushna alikuwa anamimina chai, akamwaga mpaka kisahani kikajaa.

Dada, imekosea. Lazima imekosea. Ndoa hii niliipanga Baba akiwa mzima, na siku ile alikaa kimya, hakukataa. Kwa nini amkatae Owais, kijana ambaye amekula humu ndani tangu ana miaka saba? Maulana amesema neno la mzee ni neno la mzee, lakini anajua wewe ndiye mwenye mashine. Mwandikie. Mwambie mipangilio niliyoiweka mimi ilikuwa na hitilafu. Nitakubali lawama, sema mjinga Khizar alivuta mraba vibaya, sijali. Neno lako moja tu, walii nitakuwa mimi, na kabla ya mwezi kuandama tumemaliza.

Uliniomba msamaha. Haya, huu ndio wakati wake.

Khizar


Karachi, Jumapili 20 Machi

Khizar,

Video ya Ijumaa uliyoenda kuituma kwa mtandao wa jirani imefika. Nimeitazama mpaka macho yangu yenyewe yamekuwa mekundu. Nilitafuta kosa, nakuapia nilitafuta kwa ajili yako. Nilitafuta mahali duara limeteleza, mahali taa imemulika vibaya, mahali amepepesa. Hakuna. Umefanya kazi safi kuliko vijana wangu wa maabara. Maulana alipoligeuza swali, mboni ilipanda polepole na kukaa pale juu muda mrefu zaidi ya tuliouweka, kama mtu anayebana mlango.

Siwezi kuandika kwamba ilikosea. Ijumaa mbili tulimsemea Baba uongo bila kujua. Ya tatu tumsemee tukijua?

Sijui sababu yake. Najua tu kwamba ni yeye.

Nikasirikie. Nimezoea.

Tabinda


Multan, Jumatano 23 Machi

Dada Tabinda,

Safari hii naandika mwenyewe, hakuna anayenitamkia.

Khizar amekuonyesha hasira na wewe umemjibu vizuri, lakini mwache kidogo, anazunguka uani siku nzima kama mtu aliyepoteza funguo. Mliulizana wote wawili nani kamharibu Baba, na mimi nilikuwa hapahapa.

Mimi ndiye niliyemwambia Baba kwamba sitaki.

Nilimwambia tangu baridi ya Desemba. Mchana, wakati namlisha, uji unakwenda polepole na mtu huna pa kutazama ila usoni pake. Nilimwambia kila kitu. Nilimchagua yeye kwa sababu ndiye peke yake nyumba hii asiyeweza kumwambia mtu. Halafu wewe ukamletea mdomo kwa basi.

Mashine ilipofika nilikuwa nacheka na Khizar huku jicho langu liko kwenye kioo. Kila alipofungua ukurasa wa herufi nilijua ananitaja. Hakunitaja. Ijumaa zile mbili iliposema HAPANA kwa jina lake mwenyewe nilifurahi, kisha nikajichukia, kisha nikaelewa kwamba ndiyo nimekwisha, kwa sababu Khizar angesimama walii, na mimi wangekuja kuniuliza nyuma ya pazia, na mimi ningenyamaza, na wote tunajua bibi harusi akinyamaza inahesabiwa ameridhia. Shangazi alipokuwa ananitamkia habari za nguo nyekundu simu haikukwama.

Owais hana ubaya, tafadhali usimfikirie ubaya. Ni siku ile walipokuja kunitazama. Mama yake alinishika mkono, akaona rangi ya buluu kwenye kucha, akasema kwa upole, itatoka yote, kule Muscat hakuna udongo. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini tangu Baba aanguke, anayechora vigae ni mimi. Khizar anachoma na kuuza, mkono ni wangu. Wateja wanasifu mkono wa Fundi Yasin na sisi tunaitikia. Nilipomaliza kucheka nilikwenda bafuni nikatapika. Hakuna kingine zaidi ya hicho, na ningemwambia nani hicho? Khizar amempa rafiki yake neno. Shangazi angesema nimerogwa. Wewe uko Karachi na ulikuwa unataka Baba aulizwe. Hukuwahi kuuliza kama mimi nataka.

Jana mchana nilifunga mlango nikamwuliza. Nilimwambia, Baba, wamesema wewe jeuri, wamesema ugonjwa umekugeuza, Khizar hakutazami. Ulikuwa na herufi zote. Kwa nini hukuandika tu kwamba ni Rushna asiyetaka?

Akaufungua ule ukurasa wa herufi. Macho yake yalikuwa yamechoka, herufi nyingine alizirudia. Nilikaa nikasubiri, sikumsaidia kubahatisha. Aliandika hivi:

"Wewe wangekusema maisha yako yote. Mimi watanifanya nini."

Mdogo wako,
Rushna